Nilitaja korona ilipo, kibati kikang'olewa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 26, nakaa Makorora hapa Tanga, na ninaendesha kibanda cha kutuma na kutoa pesa kwa simu. Jumapili sifungui. Siku hiyo naitumia kwa jambo ambalo mama analiita wazimu na majirani wana jina baya zaidi: napiga picha viwanda vilivyokufa.

Ilianza kama mchezo. Mwaka juzi nilinunua kamera ya mtumba kwa fundi mmoja wa Ngamiani, nikaanza na magofu ya mjini. Baadaye tukawa watatu, mimi na rafiki zangu wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, tunadamka alfajiri na baiskeli kutoka nje ya mji. Ndipo tukaifikia korona moja ya zamani, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, ndani ya shamba, njia ya Muheza. Shamba silitaji, na sababu utaiona.

Shangazi, ukiingia mle saa moja na nusu asubuhi jua linapenya kwenye matundu ya bati, mashine imekaa na kutu yake, popo wanalalamika juu, na kwenye minyororo bado kuna singa, nyuzi za mkonge, zimenasa, nyeupe kabisa. Mlinzi tulimpa elfu tano akafungua geti. Tukarudi mara ya pili, na ya tatu.

Babu yangu mzaa mama alikuja Tanga mwaka 1963. Aliletwa na Silabu, ile ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge, kutoka Kasulu akiwa kijana, akaanza kwa kukata mkonge, akaishia kuwa fundi wa korona. Nilipomwonyesha picha kwenye simu akaniambia nikuze ile ya ubavuni mwa mashine. Pale palikuwa na kibati cha shaba chenye maandishi: Krupp, Grusonwerk, Magdeburg, na namba. Babu akakaa kimya, kisha akasema, "Hicho nilikuwa nakisugua kila Jumamosi kwa majivu na ndimu." Uelewe kwamba huyu mzee hajawahi kutusimulia habari za kazini hata siku moja. Tunachojua ni kwamba waliachishwa na malipo yao hayakutimia, na tangu hapo jina la shamba lile halitajwi nyumbani.

Nikaiweka picha mtandaoni. Mtu nisiyemjua akaniandikia kwa adabu sana, anasema ni mpenzi wa mashine za kale, akauliza ni wapi. Nikamwelekeza mpaka mwembe wa kukatia kona. Wiki tatu baadaye tukarudi, kibati hakipo. Kuna matundu manne ya skrubu na alama ya mstatili ambapo kutu haikuwahi kufika.

Siku hiyohiyo rafiki yangu wa kike akakanyaga ubao uliooza, mguu ukazama hadi gotini, muundi ukachanika. Nyumbani tulisema ameanguka na baiskeli. Sasa mlinzi anadai elfu thelathini, la sivyo atasema sisi ndio wezi wa shaba. Kijijini tayari wanasema tunatafuta mali aliyofukia Mjerumani na kwamba kamera yangu ni kipimo cha dhahabu. Rafiki yetu wa kiume anashauri tuachane na mlinzi, tuingie usiku kwa nyuma, halafu twende kwenye kiwanda kingine kilichofungwa hapahapa mjini, chenye matanki na boila. Na babu kila siku ananiuliza nitampeleka lini akakione kibati chake.

Niache? Nimlipe mlinzi? Babu nimwambie nini?

Mwenye Kamera, Makorora


Marahaba mwanangu,

Mguu kwanza, maana barua yako imeuruka. Vijidudu vya pepopunda haviishi kwenye kutu kama watu wanavyodhani, vinaishi kwenye udongo na samadi, na vinapenda jeraha la kuingia ndani kama hilo. Mwenzako aende kituo cha afya wiki hii hata kama kidonda kimefunga, aseme alikanyaga wapi, aulize kama chanjo yake bado inamlinda. Nawe na huyo jamaa wa usiku mkaulize zenu.

Usiku hapana. Hili silijadili. Mmeshauona ubao ukimla mtu mchana, jua likiwaka. Gizani mtakanyaga nini? Korona ina mtaro chini yake, mpana wa kumeza mtu, maana mashine ile ilikuwa ikitapika maji na makapi kutwa nzima na lazima yawe na pa kupita. Mifuniko ya mitaro hiyo ilikuwa ya chuma, na chuma kimeshauzwa. Halafu mtu anayekutwa saa saba za usiku ndani ya kiwanda kisicho chake, na begi mgongoni, hapo kijijini hataulizwa kama anapenda sanaa.

Hicho kiwanda cha mjini chenye matanki na boila ndicho kinachonitisha zaidi. Tanki lililofungwa miaka na uchafu ndani hukusanya hewa yenye sumu, na hewa nyingine huua pua kwanza: unasikia harufu ya yai viza, kisha husikii tena, ukadhani imeisha. Msiingize hata kichwa. Boila za zamani nazo zilivikwa koti jeupe kama plasta ili zisipoteze joto, na mara nyingi koti hilo lina asbesto, sawa na yale mabati ya kijivu yanayovunjika kama biskuti. Likikaa bila kuguswa halina neno kubwa. Ukilivunja, ukilikanyaga au ukilipangusa ili picha itoke vizuri, unavuta vumbi ambalo maradhi yake huja baada ya miaka 20 au hata 40, wakati umeshasahau kama uliwahi kumiliki kamera. Kitambaa cha kufunga puani hakisaidii. Hata pale kwenye korona, chini ya popo, msitifue kile kinyesi kikavu. Kina ukungu unaoshika mapafu.

Sasa kibati.

Sitakwambia huna kosa, maana unajua unalo. Huenda aliyekiiba hana uhusiano na yule mtu wa adabu. Wauza vyuma chakavu wanapita kila shamba mkoa huu. Lakini umemwelekeza mtu usiyemjua mpaka kwenye mwembe. Wapiga picha wa magofu duniani kote wana mwiko mmoja ambao hata walio wajeuri wanaushika: mahali hapatajwi. Angalia pia simu yako, maana picha ya simu hubeba ndani yake alama ya mahali ilipopigwa usipoizima kwenye mipangilio ya kamera. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida alama hiyo huondolewa, ukiituma kama dokumenti inakwenda nayo nzimanzima. Wengi hawalijui hilo, na kila siku wanagawa ramani bila kuombwa.

Na usijipe moyo kwamba serikali inakilinda kitu kama hicho kwa sababu ni cha Mjerumani. Sheria yetu ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inayalinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Mkonge wenyewe uliletwa na Mjerumani Hindorf mwaka 1893. Alinunua miche 1,000 Florida, ikanusurika 62 tu, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Kwa hiyo hakuna korona hata moja katika nchi hii inayoweza kuingia kwenye mstari huo bila kutangazwa mahususi. Kibati chenu kilikuwa kinalindwa na mlinzi wa elfu tano, basi.

Lakini umesahau jambo moja, na nimesoma barua yako mara mbili nione kama utalikumbuka. Unayo picha. Umesema babu alikukuzisha akasoma. Ina jina la kiwanda, ina mji, ina namba. Mpaka jana ilikuwa picha nzuri ya kupendwa mtandaoni, leo pengine ndiyo kumbukumbu pekee ya namba ya mashine ile. Ihifadhi ile faili ya kwanza kabisa, isiyopunguzwa wala kutiwa rangi, mahali pawili tofauti. Andika tarehe uliyoipiga na tarehe uliyokuta matundu manne.

Kisha uichukue uende nayo kwenye ofisi ya shamba, mchana, kwa mlango wa mbele. Mashamba ya mkonge yana wenyewe hata pale korona ilipozimwa. Kama hujui mwenyewe wa sasa ni nani, mtendaji wa kijiji atakwambia, na Bodi ya Mkonge makao yake yako hapahapa Tanga. Sema ukweli wote: tumeingia mara nne bila ruhusa ya ofisi, tulimpa mlinzi hela, niliitaja sehemu mtandaoni, kibati kimeng'olewa, picha yake hii hapa. Mmeingia kwa watu bila ruhusa, na Kanuni ya Adhabu ina kifungu cha kosa hilo. Mlinzi hana mamlaka ya kutoa idhini, na noti uliyompa haikuwa tiketi. Watakugombeza. Inawezekana wakakufukuza. Lakini mwizi wa shaba haji ofisini na picha ya alichoiba, na meneja yeyote mwenye akili analijua hilo.

Hapo ndipo elfu thelathini zinapokufa. Usilipe hata mia. Ukilipa leo, umekiri. Ila nakuomba umtazame mlinzi kwa jicho jingine kidogo. Kibati kimepotea zamuni mwake. Mtu wa kwanza kuulizwa ni yeye, na wa kwanza kufukuzwa ni yeye, tena kwa mshahara ambao mimi na wewe tunaukisia. Simtetei, vitisho ni vitisho. Nasema tu kwamba huenda hela anayoitafuta ni nauli ya kuondokea. Kwa hiyo kabla hujaenda ofisini mwambie kwamba unaenda, na kwamba utasema mliingia kwa kumbembeleza. Usimchome kwa nyuma.

Mama yako aambiwe ukweli wa mguu siku hiyohiyo. Atapiga kelele, zitapita.

Babu sasa. Hapa nataka nikae.

Unaniuliza umwambie nini kana kwamba kibati ndicho anachokidai. Mzee amekaa miaka hataji jina la shamba, siku moja anaona picha ndogo kwenye simu ya mjukuu, anataja majivu, ndimu na Jumamosi. Mwanangu, huyo kafungua mlango, na wewe unahangaika na komeo. Mwambie kimeibwa. Mwambie leo, umekaa chini, umsikilize atakavyosema. Wazee waliopita kwenye mkonge wameshuhudia vikubwa kuliko kibati vikiondoka. Alipofika yeye mwaka 1963, nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, hakuna iliyotupita duniani. Ukienda bandarini, marobota. Ukienda stesheni, marobota. Kisha ikaja kamba ya nailoni na ndugu zake, bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, wengine watakwambia ni bei, wengine watakwambia ni usimamizi, na ukiwaweka wazee wawili wa mkonge kwenye baraza moja chai itapoa kabla hawajakubaliana. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki kama tani 20,000. Katikati ya tarakimu hizo mbili ndimo yalimopotelea malipo ya babu yako, na ndiyo maana hasemi. Haogopi kumbukumbu. Anadai.

Mwulize kazi. Usimwulize alijisikiaje, wazee wa kiume hawalijibu swali hilo. Mwulize mashine inafanya nini na mkono wa mtu unakaa wapi. Jina korona lenyewe limetoka kwenye mashine hizo za Krupp. Ziliitwa Corona, watu wakaliswahilisha, na leo kiwanda kizima cha kuchakata kinaitwa hivyo hata kama mashine ni ya Mwingereza. Akueleze jinsi majani yalivyolazwa kwa mapana yakabanwa, ngoma yenye visu butu ikapiga upande mmoja, yakageuziwa mbano yakapigwa upande wa pili, maji yakisukuma makapi kwenye mtaro. Katika kilo 100 za majani zinatoka kama kilo nne tu za singa, zote zilizobaki ni uchafu wa kijani unaowasha ngozi. Mwulize nani alisimama pale kwenye maji, na aliwashwa nini, na alijipaka nini. Mwulize singa zilianikwa wapi, mashine ya brashi ilikuwa chumba gani, vumbi lake lilikuwaje, robota la kilo 250 lilibebwa na wangapi. Mwulize kipande chake, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, kilikuwa cha siku ngapi na nani alikuwa akikitia alama. Rekodi sauti, simu inatosha.

Nasema hivi kwa sababu nimeziona picha nyingi za magofu na, unisamehe, nimezichoka. Miale ya jua, kutu, kiatu kimoja kilichosahaulika sakafuni ambacho naapa aliyepiga ndiye aliyekiweka. Ukitazama picha mia za namna hiyo hujui kama kiwanda kilitengeneza kamba au sabuni. Kulikuwa na mume na mke Wajerumani, Bernd na Hilla Becher, walianza mwaka 1959 kupiga picha za minara ya maji, tanuri za chuma, majengo ya machimbo. Walisubiri siku ya mawingu ili kivuli kisidanganye, wakasimama mbele kabisa, chombo chote kikaingia kwenye picha kuanzia msingi hadi kilele, hakuna mbwembwe. Vingi walivyovipiga vimeshabomolewa, na mtu akitaka kujua vilikuwaje anazirudia picha zao. Jaribu hivyo na korona. Saa moja na nusu yako ibaki kwa ajili ya roho, sikukatazi. Lakini siku ya mawingu, weka kamera kwenye stendi, funga tundu la lenzi liwe dogo ili mbele na nyuma vyote visomeke, acha mwanga uingie sekunde mbili au tatu, na upige mashine nzima, kisha kila sehemu kwa mpangilio ule ambao jani lilipita. Babu akusimamie akwambie umeruka nini. Hiyo picha haiwezi kupigwa na mgeni anayekuja na gari siku moja kisha akaondoka.

Ukiondoka, ondoka na picha tu. Mimi mwenyewe sina usafi wa kukuhubiria hapo. Baba yangu alikuwa karani katika kiwanda kimoja hapa mjini, na miaka mingi baada ya kufungwa niliingia na mtu mwenye funguo, nikakuta ukutani kadi za kugonga saa za zamu bado zimepangwa kwenye sanduku lake. Nikatia moja kwenye pochi. Si ya baba, ya mtu mwingine, jina lake liko juu, ameingia saa 12:58 na kutoka hakutoka, yaani mashine haikugonga. Ninayo kwenye droo hadi leo. Kila nikitafuta sindano naiona, na sijawahi kujua niifanye nini.

Ofisi ikikubali, omba kibali cha maandishi, hata mistari miwili yenye muhuri, na nakala upeleke kwa mtendaji wa kijiji. Chapisha picha tano sita uzigawe pale kijijini. Ukimwonyesha mtu korona yake kwenye karatasi, habari ya dhahabu ya Mjerumani itapungua, ingawa haitaisha, maana hiyo mali imekuwa ikitafutwa tangu kabla hujazaliwa na itatafutwa baada yangu. Vaeni viatu vigumu, mmoja abaki nje mwenye simu, mkanyage palipo na zege na si ubao. Na ile sauti ya babu pamoja na picha, mkiwa tayari, wapelekeeni nakala pale makumbusho ya Urithi kwenye boma la zamani.

Ofisi ikikataa, basi imekataa. Mpigie babu picha barazani, mikono yake tu ikikuonyesha ngoma ilivyozunguka.

Wakikubali, nenda naye asubuhi, kabla jua halijapanda. Si kwa baiskeli, mzee wa miaka themanini umtafutie usafiri. Na mbebee kiti, kule kwenye korona hakuna pa kukaa.

Shangazi